Danggui, mzizi wa wanawake wa China

Leo hatuna habari ya mishono wala mapishi, ingawa supu itatajwa. Tuna habari ya mzizi.

Mwenzetu mmoja tunayeshona naye alikuja kazini na kifurushi kidogo. Ndani mlikuwa na vipande vyembamba vyeupe vya kahawiakahawia, vimekatwa kama chipsi za muhogo, vina harufu nzito yenye utamu na uchungu ndani yake. Aliyemuuzia kwa simu alimwambia ni "jinsengi ya wanawake". Inasafisha kizazi, inarudisha hedhi iliyopotea, inaondoa lile joto la ghafla linalowapata wanaokaribia kukoma hedhi. Mwenzetu ameshapindukia miaka arubaini na tano na joto hilo linamtesa kweli. Lakini pia aliwahi kupasuliwa moyo akawekewa valvu, na kila jioni humeza kidonge cha warfarin, kile cha kuzuia damu isigande. Tukamwambia dada, subiri kwanza. Tukazima vyerehani, tukaanza kusoma.

Kwanza, si jinsengi. Huu mzizi Wachina huuita danggui, na kwenye pakiti nyingi utaukuta umeandikwa dong quai. Ni wa ukoo wa karoti, kotmiri na uzile, ndiyo maana harufu yake ina kitu cha jikoni. Unalimwa sana katika mkoa wa Gansu, kaskazini magharibi mwa China, kwenye nyanda za juu zenye baridi. Wilaya ya Minxian ndiyo yenye sifa kubwa kwa mzizi huu.

Jina lake lina hadithi. Danggui kwa Kichina husikika kama kumwambia mtu "inakupasa kurudi". Katika zama za Falme Tatu, yaani karne ya 3, kulikuwa na jemadari aitwaye Jiang Wei. Aliacha upande wa Wei akahamia Shu, na mama yake akabaki kule kwa maadui. Inasimuliwa kwamba mama alimwandikia barua akimwomba amtafutie danggui. Mtoto alielewa: mama anasema rudi nyumbani. Naye akajibu kwa jina la dawa nyingine, yuanzhi, ambalo maana yake ni azma ya mbali. Yaani mama, ninayo ya mbali, ya kurudi sina. Sisi tuliosoma habari hii kwenye meza ya kukatia vitambaa, wenye watoto waliokwenda kutafuta maisha mbali, tulinyamaza kidogo.

Tuje kwenye dawa yenyewe. Danggui imetajwa katika kitabu cha kale cha miti shamba cha Wachina kinachonasibishwa na Shennong, kilichokusanywa zama za utawala wa Han, karibu miaka 2,000 iliyopita. Mwishoni mwa zama hizo tabibu Zhang Zhongjing aliandika mapishi ya dawa yanayotumika mpaka leo. Mojawapo lilitushangaza, maana ni supu. Danggui liang 3, tangawizi mbichi liang 5, nyama ya kondoo jin 1, na jin moja ni liang 16. Vinachemshwa kwa maji vipimo 8 mpaka vibaki 3, mgonjwa anakunywa ikiwa vuguvugu mara tatu kwa siku. Ni ya maumivu ya tumbo yanayotokana na baridi, na ya mwanamke aliyejifungua anayeumwa na tumbo.

Sasa wapenzi, nani kati yetu hakupewa supu ya nyama yenye tangawizi na pilipili manga ndani ya arubaini yake? Bibi zetu hawakusoma kwa Zhang Zhongjing, wala yeye hakufika kwao. Ila tazameni vipimo: tangawizi ni nyingi kuliko danggui, na nyama ndiyo inayojaza chungu. Mzizi ni mmoja tu kati ya waliomo. Jambo hili lishikeni, litarudi.

Dawa iliyoipa danggui jina la kike hasa ni mchanganyiko uitwao si wu tang, yaani mchuzi wa vitu vinne: danggui, chuanxiong, mzizi wa piyoni mweupe, na rehmannia iliyopikwa. Mwanzo wake haukuwa wa wanawake peke yao. Ulitajwa kwanza katika kitabu cha zama za Tang cha kutibu mifupa iliyovunjika na majeraha ya kuanguka. Zama za Song ndipo serikali ilipouingiza katika kitabu cha dawa cha maduka yake, ukapangwa kuwa dawa ya hedhi na uzazi. Mwaka 1237 Chen Ziming, mtu wa ukoo wa matabibu, alikamilisha kitabu kikubwa cha tiba za wanawake watupu, kuanzia hedhi mpaka baada ya kujifungua. Fikra ya matabibu wa zama hizo ilikuwa kwamba msingi wa afya ya mwanamke ni damu. Kila mwezi inatoka, mimba inaichukua, kujifungua kunaimwaga. Danggui kwao ilikuwa dawa ya kuijaza damu na kuiendesha. Hata mzizi wenyewe waliugawa: kichwa cha kuzuia damu, mwili wa kulisha, mkia wa kuisukuma. Hiyo ni elimu yao kwa lugha yao, na "damu" wanayoisema wao siyo ile tu inayopimwa maabara.

Na hakuna aliyemwambia mwanamke chukua danggui peke yake ule. Tabibu alishika mshipa wa mkono, akauliza, akatazama ulimi, kisha akachanganya. Ukirudi wiki ijayo anabadilisha. Ni kama sisi na nguo: hatukati kabla ya kupima, na mteja akinenepa tunafumua.

Mzizi ulipoingia Ulaya mambo yaligeuka. Mwaka 1899 kampuni ya Merck ya Ujerumani ilitoa maji ya dawa yaliyokamuliwa kutoka danggui, ikayaita Eumenol, kwa ajili ya matatizo ya hedhi. Mzizi mmoja, chupa moja, wanawake wote. Tunavyoona sisi, hapo ndipo ilipozaliwa ile pakiti ya mwenzetu. Waliobaki kwenye chungu waliachwa, na mpimaji aliachwa pia.

Tena jina moja linabeba mimea tofauti. Wajapani wanaoita toki wanatumia mmea ndugu yake, na Wakorea wana wa kwao mwingine. Anayenunua unga kwa simu atajuaje ni upi?

Wanasayansi nao walipima. Mwaka 1997 watafiti wa California walichapisha jaribio la wanawake 71 waliokwisha koma hedhi. Kwa wiki 24 wengine walipewa danggui gramu 4.5 kwa siku, wengine vidonge visivyo na dawa, na wao wenyewe hawakujua nani kapata nini. Joto la ghafla halikutofautiana kati ya makundi mawili. Wapo waliolalamika kwamba Wachina hawaitumii hivyo, peke yake. Ni kweli, na sisi tunakubali. Lakini ile inayouzwa kwetu inauzwa hivyohivyo, peke yake, kwa joto hilohilo. Basi jibu la jaribio linamhusu muuzaji huyu hasa.

Kisha tukafika kwenye lile lililotufanya tuzime vyerehani. Mwaka 1999 wataalamu wa dawa wa Marekani waliandika habari za mwanamke wa miaka 46 mwenye matatizo ya mapigo ya moyo, aliyekuwa ametulia vizuri kwenye warfarin. Akaanza kutumia danggui kwa ajili ya kukoma hedhi. Baada ya wiki nne vipimo vyake vya kuganda damu vilikuwa vimepanda zaidi ya mara mbili, maana yake damu ilikuwa haigandi inavyopaswa, na mtu wa hivyo anaweza kuvuja ndani kwa ndani. Alipoacha mzizi, baada ya mwezi vipimo vikarudi. Matabibu wa kale waliposema huu mzizi unaiendesha damu hawakuwa wakicheza. Wajawazito nao huambiwa wakae nao mbali, na wanaotokwa na damu nyingi ya mwezi vilevile.

Mwenzetu alisoma habari ile mara mbili. "Hivyo mimi ningeambiwa nimekufa kwa ugonjwa wa moyo," akasema, akacheka, lakini mkono ulikuwa unamtetemeka.

Siku ya kliniki alikwenda na kifurushi mkobani. Daktari alikinusa, akatazama jina, akaandika kwenye daftari lake asitumie. Akampima, damu iko sawa, alhamdulillah, kwa kuwa hakuwa ameanza. Na lile joto la ghafla, ambalo alikuwa anaona haya kumwambia daktari miezi yote hiyo, siku hiyo alilisema, wakazungumza.

Muuzaji tumemwandikia arudishe pesa. Amesoma, hajajibu.