Kishikio cha tanjenti: Kisu cha kerezo kinachonolewa uso mmoja tu

MWENYE kisu kikali ndiye alaye nyama, na wanaojifunza kukereza vyuma huujua ukweli wa methali hii mapema. Kerezo ni mashine inayozungusha kipande cha chuma huku kisu kikikichonga. Hata mashine iwe imara vipi, kisu kilichonolewa vibaya huacha makwaruzo na kumvunja moyo mwanagenzi.

Kisu cha kawaida hulazwa kikielekea kipande kinachochongwa. Ncha yake hunolewa nyuso tatu, wa juu, wa mbele na wa ubavuni, kila mmoja kwa pembe yake. Mwenye kerezo dogo la mezani, ambaye aghalabu hukereza kwa kujiburudisha tu, huhitaji mazoezi mengi kabla ya kuzipatia pembe hizo kwa mkono.

Kishikio cha tanjenti hupunguza kazi hiyo hadi uso mmoja. Hushika ufito wa mraba ukiwa karibu wima, ukaugusa mzingo wa kipande kama mstari unaogusa duara bila kulikata. Ufito huinamishwa takriban nyuzi 12 pande mbili: kitako chake husogea mbali na kipande, na pia hubaki nyuma ya ncha kisu kinaposonga. Miinamo hiyo huzuia mbavu za ufito zisikwaruze kazi. Kinachonolewa ni kichwa peke yake, kwa mteremko wa takriban nyuzi 30 kutoka kona inayokata hadi kona iliyo mkabala.

Faida nyingine ni uthabiti. Nguvu kubwa ya ukataji hushuka kufuata urefu wa ufito, hivyo huusukuma chini badala ya kuupinda.

Mbinu hii si ngeni viwandani. Kampuni ya Eccentric Engineering ya Australia iliieneza miongoni mwa wapenda ufundi kwa kishikio kiitwacho Diamond Tool Holder, jina linalotokana na umbo la kichwa kilichonolewa wala si almasi yenyewe.

Kukitengeneza

Bonge la chuma cha kawaida hutosha. Mpini huchongwa utoshee kibanio cha visu cha kerezo lenyewe. Upande wa mbele hukatwa mfereji wa mraba, ulioinama nyuzi 12 pande zote mbili, na boliti moja hukaza ufito ndani yake. Asiye na mashine ya kuchongea mifereji anaweza kutumia msumeno wa chuma na tupa, akiongozwa na kabari iliyokatwa kwa pembe hiyo. Kuta za mfereji sharti ziwe bapa, kwani ufito unaoyumba hutetema na kuacha mawimbi juu ya kazi.

Ufito wenyewe, aghalabu wa milimita 6 au 8, huwa wa ile feleji ambayo Frederick Taylor na Maunsel White waliionyesha Paris mwaka wa 1900, na ambayo hubaki ngumu hata inapopata joto la karibu nyuzi 600 za Selsiasi. Kielekezi kidogo chenye mfereji, kinachoushika ufito mbele ya jiwe la kunolea, huhakikisha pembe ni ileile kila mara.

Kukitumia

Baada ya kunoa, ufito hupandishwa hadi ncha ilingane na kitovu cha mzunguko. Vipande vya bati vya kuinulia kisu havihitajiki tena. Kipimo rahisi ni kuchonga uso wa mwisho wa kipande: kitone kikibaki katikati, kimo hakijapatikana. Kisu hichohicho huchonga ubavu na uso wa mwisho bila kugeuzwa.

Hata hivyo, kishikio hiki hakimalizi kazi zote. Kukata hesi, kupanua matundu kwa ndani na kukata kipande kabisa huhitaji visu vingine, na kuchonga kuelekea upande wa pili huhitaji kishikio kilichoinamishwa kinyume.

Miwani ya kinga ni lazima wakati wa kunoa na kukereza. Glavu na mikono mipana ya nguo haifai karibu na kitu kinachozunguka, na kisu hakirekebishwi kabla ya mashine kusimama kabisa.