Boksi gumu kwa bidhaa ya bei: Piga kwanza hesabu ya hewa

Boksi la iPhone mpya wengi tunalijua. Unalishika mfuniko, unanyanyua, na sehemu ya chini inashuka taratibu yenyewe. Hakuna mashine pale, ni hewa tu. Mfuniko umebana kiasi kwamba hewa inaingia kidogokidogo.

Ndilo boksi ambalo wauzaji wengi wa manukato, udi, saa, vito na kahawa ya zawadi wanalitamani. Shida ni kwamba hewa hiyohiyo inaweza kukumalizia mtaji usipopiga hesabu kabla ya kutoa oda.

Boksi la kawaida, kama la dawa ya meno, ni karatasi ngumu moja ya gramu kama 250 hadi 400 kwa mita ya mraba. Linachapwa, linakatwa, linasafirishwa likiwa bapa. Boksi gumu ni habari nyingine. Mwili wake ni kadibodi ya kijivu yenye unene wa milimita 1.5 hadi 3, kisha linavikwa karatasi nyembamba iliyochapwa. Kwa oda ndogo, sehemu kubwa ya kazi hiyo ni ya mikono. Na likishaundwa halikunjiki. Linatoka kiwandani limesimama, ndani tupu.

Unasafirisha hewa

Chukua boksi la sentimita 20 kwa 15 kwa 8. Kwa kadibodi ya milimita 2, uzito wake halisi ni kama gramu 200. Lakini mizigo ya ndege hutozwa kwa uzito halisi au kwa nafasi, kipi kikubwa. Hesabu ya kawaida ya nafasi ni urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawa kwa 6,000. Kampuni za vifurushi vya haraka hugawa kwa 5,000, yaani bei inapanda zaidi.

Boksi letu linatoa gramu 400. Maboksi 500 ni kilo 200 za kulipia, wakati mzigo wenyewe una kama kilo 100 tu. Nusu ya nauli imeenda kwenye hewa! Kwa meli mzigo huo ni mita za ujazo 1.2, zile ambazo mawakala huziita CBM, kabla hujahesabu makatoni ya nje. Kwa hiyo kama unaagiza kutoka China, usiulize bei ya boksi peke yake. Uliza bei ya boksi likiwa limefika mlangoni kwako, pamoja na ushuru.

Njia ya kwanza ya kuokoa ni kupunguza ukubwa. Pima bidhaa, acha nafasi ya kuishikilia, basi. Boksi kubwa lenye chupa ndogo ndani linamfanya mteja ajione kapunjwa.

Njia ya pili ni boksi gumu la kukunja. Lina sumaku kwenye mfuniko na gundi ya utepe kwenye kona, linasafiri bapa, wewe unalisimamisha dukani. Kona zake hazinyooki kama za boksi lililogandishwa kiwandani, na utahitaji mtu wa kukaa kuziunganisha. Ila kwa anayeagiza mzigo wake wa kwanza, mimi ningeanzia hapo. Mwambie wakala mapema kwamba kuna sumaku, maana baadhi yao huzipokea kwa masharti kwenye mizigo ya ndege.

Mitindo na unene

Mfuniko na kitako ndiyo mtindo rahisi zaidi kutengeneza, na unafaa kwa vitu vingi. La droo ni zuri kwa vito, saa na vipodozi vidogo, ila likibana sana mteja anahangaika, likilegea bidhaa inateleza nje. La sumaku linavutia kwenye video za kufungua mzigo, na mteja huwa halitupi.

Unene wa milimita 2 unatosha kazi nyingi. Milimita 3 waachie wenye chupa nzito za kioo.

Kuna jambo watu wa Dar, Tanga, Zanzibar na Mombasa wanapaswa kulitazama zaidi: unyevu. Kadibodi inavuta maji ya hewani, na mfuniko unaweza kupinda. Boksi lililovikwa karatasi nje tu hupinda kirahisi kuliko lenye karatasi pande zote mbili, kwa hiyo uliza kama ndani nako wameweka. Stoo, usilaze maboksi kwenye sakafu ya saruji. Weka mbao chini.

Ndani, kitu cha kushikilia bidhaa ni muhimu kuliko maandishi ya dhahabu ya juu. Sponji ngumu iliyokatwa kwa umbo la chupa inashika vizuri. Kadibodi iliyokunjwa ni rahisi zaidi kurejelezwa. Kwa chokoleti, chai au kahawa, usiache chakula kigusane na kadibodi yenyewe. Nyingi zimetokana na karatasi zilizokwishatumika na zinaweza kubaki na mafuta ya wino. Weka kwanza kwenye mfuko wake uliofungwa.

Sampo mbili, siyo picha ya WhatsApp

Omba kwanza sampo nyeupe isiyochapwa, ya kupimia ukubwa. Weka bidhaa, funga, tikisa. Ukisikia mlio, rekebisha. Iangushe kutoka kimo cha meza, maana bodaboda hatakuwa mpole zaidi yako.

Ndipo uombe iliyochapwa. Rangi ya kwenye skrini ya simu si rangi ya wino, hivyo kama rangi ndiyo chapa yako, toa namba yake ya Pantone. Boksi jeusi lisilong'aa ni tamu kwenye picha, lakini linashika alama za vidole na michubuko. Lisugue kwa kucha kabla hujakubali.

Usisahau maandishi ya lazima. Boksi likifunika lebo ya chakula au kipodozi, mteja haoni viambato wala tarehe ya kwisha muda. Hakikisha masharti ya lebo na TBS au KEBS kabla ya kuchapa, kwa sababu stika za kubandika baadaye zinaharibu sura yote uliyoilipia.

Na si lazima kila chupa iuzwe ndani ya boksi gumu. Wapo wanaobaki na boksi jepesi kwa mauzo ya kila siku, halafu gumu wanalitoa kama toleo la zawadi la Idi, Krismasi na msimu wa harusi, kwa bei yake. Kwa oda hiyo ya msimu, usichape mwaka kwenye mfuniko. Yakibaki 80, utayauza mwakani.