Mistari ya muhindi ya Donald: otisme haiishii kwa utoto

Leo sitaandika juu ya mbegu wala mbolea.

Yaya yangu iko na miaka 34. Anaongea kidogo sana, lakini anahesabu kila kitu: matofali, bidoo za maji, pikipiki zenye kupita. Hakuna munganga aliyetuandikia jina la hali yake. Ila nikisoma juu ya otisme, ile wengine wanaita usonji, namuona yeye. Baada ya kifo cha baba, familia ilikaa kuamua wamupeleke wapi. Wengine walisema: chumba cha maombi, na mlango ufungwe. Nilinyamaza juu sikukuwa na jibu. Njo nikaanza kutafuta.

Mwaka 1943, huko Marekani, munganga Leo Kanner wa hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, aliandika juu ya watoto 11 wenye hali hii: wavulana 8 na wasichana 3. Wa kwanza alikuwa Donald Triplett, wa mji mudogo wa Forest, Mississippi. Akiwa na miaka 3, wazazi walikuwa wamemuweka katika kituo mbali na nyumbani, sawa vile waganga walishauri. Hakupona kule, na baada ya karibu mwaka moja wakamurudisha.

Mwaka 1942, Donald alipelekwa kuishi kwa wakulima, bwana na bibi, karibu kilometa 16 na nyumbani. Kanner alienda kuwatembelea mwaka 1945, akashangaa. Donald anapenda kupima? Wakamupa kazi ya kuchimba kisima na kuwaambia kimefika wapi. Anahesabu mistari ya muhindi bila kuchoka? Wakamuachia ahesabu, lakini huku analima na farasi. Hawakupigana na tabia yake, waliitafutia kazi.

Sisi watu wa kilimo tunajua kwamba mbegu haihukumiwe mwezi wa kupanda. Lazima urudi wakati wa mavuno. Kanner alirudi: mwaka 1971 alichapisha habari za wale 11, sasa wakiwa watu wazima. Wanne waliopitisha maisha karibu yote ndani ya vituo walififia mapema. Kwa Kanner, kuingizwa hospitali za serikali ilikuwa sawa na kifungo cha maisha. Wawili walifaulu zaidi. Frederick alikuwa anatoa nakala kwa mashini katika ofisi. Donald alipata diplome ya chuo kikuu mwaka 1958, akafanya kazi katika banki ya mji wake, akaendesha gari, akacheza golfu, akatembea inchi nyingi. Alikufa mwaka 2023, na miaka 89.

Tusijidanganye. Watu 11 ni kidogo, na familia ya Donald ilikuwa na pesa, hata hisa katika ile banki. Tena kuko watu wazima wenye otisme ambao watahitaji musaada kila siku, hata ukiwapa shamba nzuri namna gani. Lakini ulizo la Kanner lilikuwa la maana: mutoto huyu akikomaa, anaishi wapi, na nani, anafanya nini?

Kwetu, wale wachache wenye kushugulikia otisme wanaongea paka juu ya watoto. Wewe wa saikolojia, wa uganga, wa sosiolojia, mwenye kutafuta mada ya memwari: tafuta watu wazima hawa katika commune yako. Ona nini imewasaidia, nini imewaharibu. Na mwenye kuweza kujibu, kwa maneno ao kwa alama, muulize yeye mwenyewe, si mama yake tu.

Nilirudi kwa familia na hii historia. Si wote wamekubali, lakini mlango haukufungwa. Yaya anakuja nami kwenye pepinyeri yangu ya kahawa, anahesabu miche. Wiki iliyopita alinionyesha kwamba 14 imekosekana. Mimi sikukuwa nimeona kitu. Ilikuwa mbuzi ya jirani.