Vijana wa Abayudaya: namna masinagogi ya mashariki mwa Uganda yanavyorithishwa kizazi kipya

Katika vilima vinavyouzunguka mji wa Mbale, mashariki mwa Uganda, inaishi jamii ya Wayahudi wanaoitwa Abayudaya, neno la Kiganda lenye maana hiyo hiyo ya Wayahudi. Idadi yao hukadiriwa kuwa watu 2,000 hivi, waliotawanyika katika vijiji kama Nabugoye, Namanyonyi, Nasenyi na Putti, na pia Namutumba, kwenye barabara itokayo Jinja kwenda Mbale. Katika jamii ndogo kiasi hicho, kumshirikisha kijana katika maisha ya sinagogi si jambo la kupamba ibada. Ndilo linaloamua iwapo ibada itaendelea kuwepo.

Elimu tangu mwanzo

Mwasisi wa jamii hii ni Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuitawala mashariki mwa Uganda. Mwaka 1919, baada ya kuisoma kwa makini Biblia iliyotafsiriwa kwa Kiganda, alijitahiri pamoja na wanawe na kutangaza kuwa yeye na wafuasi wake ni Wayahudi. Mwaka 1922 alichapisha kitabu cha Kiganda chenye kurasa 90 hivi, kikiwa na sala na kanuni za imani. Myahudi mgeni aliyeitwa Yosef alipofika na kuwafundisha kalenda ya sikukuu na sheria za vyakula, Kakungulu alianzisha shule ya kuyapokeza maarifa hayo kwa wengine. Alifariki dunia mwaka 1928, akiwaachia wafuasi wake desturi ya kusoma na kufundishana.

Vijana waliofufua jamii

Idi Amin alipotwaa madaraka mwaka 1971, ibada ya Kiyahudi ilipigwa marufuku. Masinagogi yaliharibiwa, wengi wakabadili dini, na waliobaki walisali kwa siri. Jamii iliyokuwa na watu wapatao 3,000 ilipungua hadi 300 hivi. Kampala ilipoangukia mikononi mwa majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda tarehe 11 Aprili 1979, jioni ya siku hiyo ilikuwa mwanzo wa Pasaka ya Kiyahudi, sikukuu ya kukumbuka ukombozi kutoka utumwani.

Waliozifufua sala hadharani hawakuwa wazee peke yao. Katika miaka ya 1980 kundi la vijana, miongoni mwao Joab Jonadab Keki na Gershom Sizomu, waliunda chama cha vijana wa Kiyahudi na kukaa pamoja katika kilima cha Nabugoye. Waliishi kwa mfano wa kibbutz, yaani kijiji cha ujamaa cha Israel, wakilima, wakisoma na kutunga nyimbo kwa pamoja. Nyimbo zao za Kiganda na Kiebrania ziliingia katika albamu iliyotolewa na Smithsonian Folkways mwaka 2003 na kuteuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Sizomu alitawazwa kuwa rabi mjini Los Angeles mwaka 2008, na mwaka 2016 alichaguliwa kuwa mbunge.

Kijana kama mtu wa kumi

Sheria ya Kiyahudi inataka watu wazima kumi ili baadhi ya sala zisomwe na gombo la Torati lisomwe hadharani. Mvulana huhesabiwa kuwa mtu mzima kidini atimizapo miaka 13. Katika sinagogi la Nabugoye, lenye kufuata mkondo wa Conservative, wanawake na wasichana waliofikia umri huo wa kidini huhesabiwa pia. Putti, inayofuata mkondo wa Orthodox, huhesabu wanaume pekee.

Katika kijiji chenye familia chache, kanuni hii humpa kijana uzito ambao hawezi kuupata penginepo: asipofika, huenda sala ikakwama. Lakini uzito huo una masharti yake. Gombo la Torati huandikwa bila irabu wala alama za mahadhi, hivyo msomaji hujifunza fungu lake kwa majuma mengi kabla ya kusimama mbele ya watu. Kijana aliyekwisha kuliweza fungu moja anaweza kumfundisha mdogo wake.

Shule na Sabato

Kwa miongo mingi shule nyingi zilikuwa mikononi mwa wamisionari wa Kikristo, na watoto wa Abayudaya waliokataa kubatizwa walikosa masomo. Ndiyo maana jamii ilianzisha Shule ya Msingi ya Hadassah na Shule ya Sekondari ya Semei Kakungulu. Shule hizo huwapokea pia Wakristo na Waislamu.

Mtihani mgumu huja baadaye, kijana anapoondoka kwenda kusoma au kutafuta kazi Jinja au Kampala. Sheria inamzuia kusafiri kwa gari siku ya Sabato, nazo taasisi nyingi hufanya kazi Jumamosi. Mwaka 2003 Mahakama ya Katiba ya Uganda iliitupilia mbali kesi ya wanafunzi Waadventista waliopinga masomo na mitihani ya Jumamosi katika Chuo Kikuu cha Makerere, na Mahakama ya Juu ikaunga mkono uamuzi huo mwaka 2006. Uamuzi huo unamgusa pia mwanafunzi wa Kiyahudi.

Sadaka na utumishi

Neno la Kiebrania tsedaka na neno la Kiswahili sadaka lina asili moja ya Kisemiti. Katika Uyahudi, tsedaka ni wajibu wa haki kabla ya kuwa hisani, na humhusu hata mwenye kidogo. Mashariki mwa Uganda wajibu huo umevuka mipaka ya dini. Mwaka 2004 Keki aliongoza kuundwa kwa ushirika wa kahawa wa Mirembe Kawomera, unaowaunganisha wakulima Wayahudi, Wakristo na Waislamu. Mwaka 2010 kituo cha afya cha Tobin kilifunguliwa Mbale kuwahudumia watu wa imani zote. Kijana anayekulia hapo huona kuwa sinagogi lina kazi hata nje ya kuta zake.

Bado kutambuliwa kwao kumebishaniwa. Mwaka 2018 vijana wa Abayudaya walizuru Israel chini ya mpango wa Birthright, ilhali mwaka huo huo Wizara ya Mambo ya Ndani ya nchi hiyo ilikataa kumtambua mmoja wa Abayudaya aliyeomba kuhamia huko kwa haki ya Uyahudi.

Hukumu ya ofisi za mbali haimo mikononi mwa kijana wa Nabugoye. Kilichomo mikononi mwake ni fungu la Torati la juma hili, somo la watoto wadogo, na nafasi ya mtu wa kumi. Waliolifufua sinagogi katika miaka ya 1980 walianza na vitu vichache kama hivyo.