Setilaiti ya Uhuru (1970–1973): Neno la Kiswahili katika Historia ya Sayansi ya Anga

Utangulizi

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru wake, roketi ya Kimarekani aina ya Scout ilirushwa kutoka jukwaa lililosimama baharini katika Ghuba ya Ungwana, karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Roketi hiyo ilibeba setilaiti yenye uzito wa kilo 140 hivi, ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa uchunguzi wa miale ya eksirei itokayo angani. Mhandisi Marjorie Townsend, aliyesimamia mradi huo kwa upande wa shirika la NASA, alipendekeza iitwe Uhuru, kwa heshima ya wenyeji na sikukuu yao.

Tukio hilo huhesabiwa kuwa sehemu ya historia ya Kenya, Italia na Marekani. Hata hivyo, Kisangani nayo inahusika. Setilaiti ya Uhuru iliizunguka dunia ikiambaa na ikweta, kwa mwinamo wa digrii 3 tu, katika kimo cha kilomita 530 hadi 570 hivi, na kila mzunguko ulichukua dakika 96. Kisangani ipo nusu digrii tu kaskazini ya ikweta, yaani ndani ya ukanda huo mwembamba. Kwa hiyo chombo hicho kilipita katika anga ya mji takriban mara 14 kila siku. Katika mji huohuo, ulipokuwa ukiitwa Stanleyville, chama cha MNC cha Patrice Lumumba kilifanya mkutano wake mkuu Oktoba 1959, miezi michache kabla ya Kongo kujitawala tarehe 30 Juni 1960. Neno lililodaiwa ardhini katika miaka hiyo lilikuwa sasa linapita juu ya mji. Makala haya yanachunguza setilaiti hiyo iligundua nini, na Kiswahili kilipata nini kutokana na kuazimwa neno lake.

Sababu za kuchaguliwa kwa pwani ya Kenya

Kituo cha Ungwana kilikuwa matunda ya juhudi za Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma. Urushaji wa majaribio ulifanyika hapo mwaka 1964, na mwaka 1967 Italia ilituma angani kutoka kituo hicho setilaiti ya San Marco 2. Majukwaa makuu mawili, San Marco na Santa Rita, yalisimama baharini juu ya miguu ya chuma: moja la kurushia roketi, jingine la kuongozea shughuli.

Mahali hapo palichaguliwa kwa sababu za kisayansi. Kwanza, kwenye ikweta uso wa dunia huenda kwa kasi ya mita 465 hivi kwa sekunde kuelekea mashariki, na roketi inayorushwa upande huo hunufaika na kasi hiyo. Pili, mashariki ya Ngomeni ni bahari tupu, hivyo vipande vya roketi vinavyoanguka havimdhuru mtu. Tatu, na hii ndiyo sababu iliyokuwa na uzito zaidi kwa Uhuru, chombo kinachozunguka juu ya ikweta katika kimo kidogo huepuka maeneo yenye chembechembe nyingi za umeme zilizonaswa na usumaku wa dunia. Chembechembe hizo zingevuruga vipimo vya miale hafifu.

Mambo yaliyogunduliwa

Miale ya eksirei kutoka angani haifiki ardhini kwa kuwa hufyonzwa na angahewa. Mwezi Juni 1962 kikundi cha Riccardo Giacconi, mwanafizikia mzaliwa wa Italia, kilirusha roketi ndogo kutoka New Mexico, Marekani. Katika dakika chache ambazo roketi ilikaa juu ya angahewa, kikundi hicho kiligundua chanzo kikali cha eksirei katika kundi la nyota la Nge, kilichoitwa Scorpius X-1. Kwa miaka minane iliyofuata vyanzo vilivyojulikana viliongezeka hadi makumi machache tu, kwa kuwa roketi za aina hiyo zilirudi chini upesi.

Uhuru ilibadili hali hiyo kwa kukaa juu. Ilijigeuza polepole, mara moja kila dakika 12 hivi, huku vyombo vyake viwili vilivyopeana migongo vikipekua anga. Mwaka 1971 ilionekana kwamba chanzo kiitwacho Centaurus X-3 kilipigapiga kama mshipa, pigo moja kila sekunde 4.8. Baadaye ikabainika kwamba kila siku 2.1 chanzo hicho hutoweka kwa karibu nusu siku, kisha hurejea. Maelezo yalikuwa kwamba nyota mbili huzungukana, na ile kubwa huificha ndogo. Ile ndogo ni nyota ya nutroni, yenye uzito unaokaribiana na wa Jua uliobanwa katika tufe lenye upana wa kilomita 20 hivi. Gesi ya nyota kubwa huvutwa na kuangukia nyota hiyo ndogo, hupata joto la kupindukia, na hapo hutoa eksirei. Hercules X-1, yenye pigo la sekunde 1.24, ilithibitisha maelezo hayo.

Chanzo cha Cygnus X-1 kilikuwa na tabia nyingine. Hakikuwa na pigo la kawaida, bali kilimemetuka bila mpango katika visehemu vya sekunde, dalili ya kwamba mahali penyewe ni padogo mno. Mawimbi ya redio yalisaidia kupaonyesha kwa usahihi, na hapo pakakutwa nyota kubwa inayozungukana na kitu kisichoonekana kila siku 5.6. Wanafalaki Louise Webster na Paul Murdin nchini Uingereza, na Tom Bolton nchini Kanada, walipima mwendo wa nyota hiyo na kuonyesha kwamba mwenzake ni mzito kupita kiasi kinachowezekana kwa nyota ya nutroni. Vipimo vilivyotolewa mwaka 2021 vilimkadiria kuwa na uzito wa mara 21 ya Jua. Hivyo shimo jeusi, ambalo kabla ya hapo lilikuwa jambo la hesabu za nadharia, lilipata mahali pake angani.

Jambo la tatu lilihusu galaksi. Uhuru ilionyesha kwamba makundi makubwa ya galaksi, kama yale ya Virgo, Coma na Perseus, hutoa eksirei kutoka katika nafasi iliyo kati ya galaksi zenyewe. Nafasi iliyodhaniwa kuwa tupu ilikuwa imejaa gesi yenye joto la makumi ya mamilioni ya digrii, na uzito wa gesi hiyo ukaja kuonekana kuwa mkubwa kuliko wa nyota zote za kundi.

Uhuru ilikoma kufanya kazi Machi 1973 na kuteketea katika angahewa mwaka 1979. Orodha yake ya nne, iliyochapishwa mwaka 1978, ina vyanzo 339. Mwaka 2002 Giacconi alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Jina na elimu

Vyanzo vya orodha hiyo hutambulishwa kwa alama 4U, kama vile 4U 1820-30. Herufi U ni ya Uhuru. Kila mtaalamu anayeandika alama hiyo, awe Tokyo au Cambridge, anatumia herufi ya neno la Kiswahili, hata kama hajui. Heshima hiyo si ndogo, lakini isitiwe chumvi. Waandishi wa ripoti za kwanza za ugunduzi walikuwa Giacconi na wenzake wa Marekani. Afrika ya Mashariki ilitoa bahari na neno. Vipimo vilisomwa kwingine, na kwa lugha nyingine. Urushaji wa setilaiti kutoka Ungwana ulikoma mwaka 1988, na mikataba kati ya Kenya na Italia ilijadiliwa upya, ukiwamo ule wa mwaka 2016, ili Kenya ipate sehemu kubwa zaidi ya manufaa ya kituo.

Upande wa lugha, hoja ya kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba elimu hii haina msingi. Wakulima na mabaharia waliijua anga kwa majina yao: Kilimia, Zuhura, Mshtarii, Zohali. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Masimulizi yaliyotangulia yameazima maneno machache, kama setilaiti, eksirei na galaksi. Mengine, kama shimo, pigo, kuzungukana na kumemetuka, ni ya matumizi ya kila siku. Upungufu haumo katika msamiati, bali katika matumizi. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, lakini fizikia ya chuo kikuu hufundishwa kwa Kifaransa. Mwanafunzi wa Kisangani anaweza kufika mwisho wa masomo akiijua Cygnus X-1 kwa Kifaransa bila kuambiwa kwamba chombo kilichoichunguza kilipita juu ya mji wake kikiwa na jina analolielewa bila kamusi.

Hitimisho

Uhuru wa mwaka 1970 ulikuwa uhuru wa jina. Jina hilo limedumu katika orodha za wanafalaki muda mrefu baada ya setilaiti yenyewe kuteketea, na hiyo ni akiba. Lugha hujipatia sehemu yake katika elimu kwa kuifundisha, kuiandika na kubishania maana zake, na kazi hiyo haingoji roketi. Inaweza kuanzia katika idara za Kiswahili na za fizikia za vyuo vikuu vilivyo chini ya njia ileile ya ikweta.