Daftari la Poka na Baraza la Bao

Mtu akitaka habari za mcheza poka wa Marekani hufungua daftari. Mlemle ataona mwaka, mashindano, idadi ya walioingia na dola zilizopatikana. Lakini akitaka habari za bingwa wa bao aliyecheza Tunduma au Vwawa miaka hamsini iliyopita, itambidi atafute mzee, naye mzee awe na kumbukumbu.

Tofauti hii haikuwako tangu asili. Mashindano makuu ya poka yalianza mwaka 1970 mjini Las Vegas, katika kasino ya Benny Binion iitwayo Horseshoe. Wachezaji wachache mashuhuri walikaribishwa, wakacheza, kisha wakapiga kura wao kwa wao. Bingwa akawa Johnny Moss. Yaani ubingwa ulitoka vinywani mwa wenziwe, kama utokavyo barazani kwetu. Mwaka uliofuata desturi hiyo iliachwa. Kila mmoja aliweka dola 5,000, na mshindi akawa yule aliyebaki peke yake mezani. Alishinda Moss tena, walakini safari hii hakuhitaji kura ya mtu. Mwaka 2003 mhasibu wa Tennessee, Chris Moneymaker, aliingia kwa nafasi aliyoipata katika mchezo wa intaneti uliomgharimu dola zisizofika mia. Akawashinda watu 838 na kuchukua dola 2,500,000. Mwaka 2006 walioingia walikuwa 8,773.

Yafikirika kuwa fedha ndiyo iliyoleta daftari. Mimi naona sababu kubwa ni bahati. Mcheza poka aweza kushindwa leo pasipo kosa lolote, kwa karata moja tu iliyofunuliwa mwisho. Hapana budi michezo yake mingi iandikwe ili uhodari utengane na bahati. Bao halina mficho. Mashimo ni 32, kete ni 64. Kila mchezaji huanza na kete 22 mkononi, akinamua mojamoja mpaka ziishe, na kila kilichopo ubaoni chaonekana na wote wawili, hata na watazamaji. Aliyeshindwa ameshindwa, na baraza zima limeona. Ya nini kuandika?

Hivyo majina yakapotea. Muyaka bin Haji wa Mombasa twamjua kwa mashairi yake, na bao alilitungia mojawapo. Nyerere alilipenda bao, nasi twalijua hilo kwa kuwa alikuwa Rais. Waliowashinda watu hawa wawili, ikiwa walikuwako, hatuwajui. Chama cha Bao kilianzishwa mwaka 1966, na mashindano yamefanywa Zanzibar na Lamu. Lakini uchunguzi mrefu wa akili za mabingwa wa Zanzibar ulifanywa na Mholanzi, Alex de Voogt, aliyeutoa mwaka 1995.

Zanzibar angalau ilipata mgeni wa kuuliza. Mkoa wa Songwe, uliokatwa kutoka Mbeya mwaka 2016, una kazi ngumu zaidi, maana umepakana na nchi mbili. Upande wa Malawi mchezo huitwa bawo. Ng'ambo ya Tunduma, Zambia, kuna nsolo, ambao sheria zake ni nyingine. Mpakani malori husimama, na watu wasubirio hucheza. Atakayeanzisha daftari la Tunduma itampasa aulize kwanza ni mchezo upi uliochezwa, na kwa sheria za nani, ndipo aandike nani alimshinda nani.