Azimio la Musoma: kile kipengele tulichokisahau

Wadau, Azimio la Arusha tumekaririshwa mpaka tukalichoka. La Musoma je? Wengi tunalikumbuka kwa UPE tu, tena kwa kejeli, "mwalimu wa UPE". Lakini Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana Musoma Novemba 1974 iliamua mambo mawili. La kwanza, elimu ya msingi kwa wote ifikiwe 1977 badala ya 1989. La pili ndilo linalonisumbua: hakuna tena kutoka kidato cha sita moja kwa moja hadi chuo kikuu. Nenda JKT, kafanye kazi, kisha wenzako kazini na chama wakupendekeze.

Ukali wote huo wa nini? Mwalimu aliijua ngazi yenyewe, maana aliipanda. Mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, alitoka Butiama mwaka 1934 akiwa na miaka 12 kwenda shule ya Mwisenge, Musoma, halafu Tabora, Makerere, Edinburgh. Mkoloni alipenda kusomesha watoto wa machifu. Wamisionari nao walijenga shule nyingi Kilimanjaro na Bukoba. Kijana wa kawaida wa Kizanaki, Kiikizu au Kikurya alibaki na ng'ombe. Uhuru ulipokuja, nani alikuwa na vyeti? Halafu Oktoba 1966 wasomi wakaandamana Dar kupinga masharti ya JKT. Mwalimu akawafukuza karibu 400. Nadhani Musoma ilianzia pale.

Nia nzuri, ila utekelezaji ukawaumiza wasiostahili. Idadi ya wasichana chuo kikuu ilishuka. Na si ajabu: msichana akishaanza kazi, akaolewa, akapata mtoto, nani atamruhusu arudi darasani? Haikupita miaka mingi serikali ikawaondolea sharti hilo. Isitoshe, barua ya mapendekezo ilimpa bosi rungu. Ukikosana naye, kwisha habari yako. Miaka ya 80 mpango ukafifia.

Wakati huohuo, kuanzia 1975, kwa msaada wa Sweden, vilianza vyuo ambavyo magazeti yetu hayaviandiki: Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Bunda kuna kimoja, Kisangwa. Vyuo hivi havikujengwa kwa ajili ya wenye vyeti, vilijengwa kwa ajili ya mtu wa kijijini anayetaka ufundi, kilimo, ushonaji. Na kabla ya Novemba 2021, shule za serikali zilipokuwa bado zinamfungia mlango msichana aliyejifungua, ni vyuo vya aina hii vilivyompokea kupitia mpango wa Elimu Haina Mwisho. Kwa maoni yangu hapo ndipo Azimio la Musoma lilipofanya kazi, bila hata kutajwa.

Sasa Butiama ina Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere. Safi sana. Ila jina la Mwalimu getini halimwingizi mtoto wa mvuvi darasani, kinachomwingiza ni matokeo ya kidato cha sita na mkopo wa Bodi. TCU ina utaratibu wa kumpima mtu kwa ujuzi alioupata kazini, ndugu wa karibu kabisa wa wazo la 1974, lakini muulize fundi yeyote pale stendi ya Bunda kama amewahi kuusikia. Ningependa Butiama waupeleke Kisangwa wenyewe, wakae na wale mafundi na wakulima, wawaeleze fomu zinajazwaje.